Saa Sita za Bibi Tumpale

Jua la chumba namba nne lilichomoza saa sita mchana, kama jana na kama juzi, na katika nyumba nzima ni mimi peke yangu niliyejua kwa nini.

Nilisimama mlangoni na bakuli la uji. Dari ilianza kupauka upande wa mashariki, ikawa rangi ya ganda la yai, kisha mwanga mweupe ukateremka ukutani polepole mpaka kwenye blanketi. Chumba hakina dirisha. Hata kingekuwa nalo lisingesaidia kitu, kwa sababu huko nje ukungu ulikuwa umekaa juu ya Tukuyu kama kifuniko juu ya chungu, mwaka wa kumi na tisa sasa. Watoto wetu huchora jua kwa kusimuliwa.

Bibi Tumpale akafumbua macho. Akatazama dari, akatazama bakuli, akanitazama mimi.

"Wewe ni wa nani?"

"Ni Atuganile, Bibi. Nimekuletea uji."

"Umechemka?"

"Umechemka."

"Wapo wanaoleta uji wa vuguvugu wakaapa umechemka. Nawajua kwa majina."

Alikuwa karani wa mizani ya majani ya chai kwa miaka thelathini. Wakulima wengine walikuwa wakinyunyizia majani maji ili kapu liwe zito. Yeye alikuwa akizamisha mkono kapuni, akiutoa na kuutazama, halafu anasema, "Majani yako yana maji. Kung'uta, tupime tena." Akili yake sasa ilikuwa imemtoka sehemu nyingi, lakini mkono ule ulikuwa haujasahau. Aliuzungusha juu ya bakuli, akasikia mvuke, akaridhika.

Mama Bupe, mhudumu wa zamu, akapita na kitoroli cha chakula cha mchana. Akachungulia.

"Loo! Ndiyo kwanza anaamka! Wenzake wanakula wali na maharage, yeye anaanza na uji. Bibi, umeolewa na nani huyo anayekuacha ulale hivi?"

"Na wewe umeolewa na nani, anayevumilia kelele hizo?"

Mama Bupe alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia, "Huyu amepona kichwa, amebakiza miguu tu," akasukuma kitoroli chake.

Kwenye ubao mdogo kando ya kitanda maandishi yalikuwa yale yale: *Usingizi: saa tisa. Kukatika: hakuna.* Hakuna mgonjwa mwingine katika nyumba yetu, Nyumba ya Anga, aliyekuwa na maandishi kama hayo.

Mwili una saa yake kichwani, na mwanga ndio unaoirekebisha. Kwa wenye ugonjwa wa usahaulifu saa hiyo hulegea. Hulala mchana, huzurura usiku, hugonga milango wakitafuta watu waliokufa zamani. Tangu ukungu ukae, ikalegea zaidi. Ndiyo maana tukajengewa dari hizi: asubuhi zinatoa mwanga mkali, jioni zinafifia, na kiraka kidogo kilichobandikwa mkononi mwa mgonjwa kinapenyeza melatonini, ile homoni inayouambia mwili kwamba giza limeingia. Hailazimishi mtu kulala. Inabisha hodi tu, mwili wenyewe ndio unaofungua. Na sheria ya nyumba imeandikwa kwenye kila mlango: *Anga la chumba ndilo saa ya mgonjwa.* Ukikuta nyota darini, hata kama wewe umeshakunywa chai, unarudi na bakuli lako.

Chumba namba nne kilikuwa cha kwanza kukabidhiwa kwangu. Nilikuwa nimetoka chuo wiki ile ile. Mtambo uliniuliza: *Usiku uingie saa ngapi?* Nilijua jibu, saa mbili. Lakini mimi nilikuwa nimesoma. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba mitambo haijui saa zetu, kwamba saa mbili ya usiku mtambo unaiita nane, na saa kumi na mbili ya alfajiri unaiita sita. Nikaandika nane. Ukaniuliza: *Jua lichomoze saa ngapi?* Nikaandika sita. Nikajisikia msomi.

Sikujua kwamba fundi aliyeufunga mtambo alikuwa ameshaufundisha saa za Kiswahili. Niliposema nane, ulielewa saa nane ya usiku. Niliposema sita, ulielewa saa sita, jua la utosi. Mama Bupe, aliyeishia darasa la tano, angeandika mbili na kumi na mbili, na asingekosea.

Niligundua siku kumi kabla ya mchana ule, nilipokuwa naandaa chumba namba tisa. Maandishi yalipita kwenye kioo, madogo, ya kijani: *Saa za Kiswahili: ndiyo.* Kidole changu kikabaki hewani. Nikaenda chumba namba nne, nikakuta nyota darini saa nne asubuhi, na Bibi Tumpale amelala kwa amani, mkono chini ya shavu.

Sikumwambia mtu.

Nilikuwa na sababu, na nilizipanga vizuri. Daktari Mwaijande alikuwa ameshapeleka taarifa wizarani, chumba namba nne kikiwa mfano, na ndani yake kuna sentensi kuhusu "binti mmoja mtulivu kutoka chuoni." Kila badiliko la mtambo hubaki na jina la aliyebadilisha. Tena usiku wa mtu hausogezwi kwa mara moja, ni nusu saa tu kwa siku, la sivyo mgonjwa huchanganyikiwa. Saa sita ni siku kumi na mbili, na kwa siku kumi na mbili kila mtu angeona. Lakini sababu niliyoipenda kuliko zote ni hii: analala vizuri. Anakula. Anatania. Saa sita ni nini kwa mtu asiyejua ni mwaka gani?

Hiyo nilijiambia kila siku nikiwa nimeshika bakuli.

*

Jumapili, Sekela alikuja.

Sekela ni binti pekee wa Bibi Tumpale, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mwalimu huko Mbeya. Magari hayaruhusiwi kupita kwenye ukungu peke yake. Yanakuja kwa msafara nyuma ya gari la taa, yanafika saa tatu asubuhi, yanaondoka saa tano kamili. Ukiachwa, unalala Tukuyu. Kwa hiyo saa za kutembelea wagonjwa ni hizo mbili tu, na kwa Jumapili saba Sekela alikuwa amekuja, amekuta nyota, amekaa kitini gizani, ameondoka.

Jumapili ya saba nilikuwa ninajua tayari. Nilimfungulia mlango, nikamwambia, "Karibu, amelala," nikaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Hii ilikuwa ya nane. Nilimkuta kwenye benchi la korido, koti lake linatiririka maji, bahasha mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Amelala?"

"Amelala."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. "Nilikuwa naomba Mungu nimkute amelala, unajua? Ili nisitie saini huku ananitazama."

Niliijua karatasi kabla hajaitoa. Ndugu akija mara nane bila kuitikiwa, sheria inampa haki ya kuomba mgonjwa ateremshwe Nyumba ya Chini. Huko dari ni jioni isiyokwisha. Hakuna asubuhi, hakuna kiraka, saa ya mwili inaachiwa ipotee kabisa, na mirija ndiyo inayolisha. Wanasema hawaumii. Anayeteremka huko hapandi tena, kwa sababu hakuna saa iliyobaki ndani yake ya kurekebisha. Kuitikia kwetu wahudumu hakuhesabiki. Mgonjwa aweza kumtania Mama Bupe kila mchana, lakini kinachoandikwa ni kumwitikia ndugu.

"Lakini anaamka," nilisema.

"Mnaniambia hivyo kila wiki. Anaamka lini?"

"Baadaye kidogo."

"Baadaye kidogo." Alinitazama bila hasira. "Mwanangu, mimi ni mwalimu. Najua mtoto anayesema 'baadaye kidogo'. Daktari wenu ameniambia analala vizuri kuliko wote. Mtu wa miaka themanini na nne anayelala vizuri kuliko wote, mimi naelewa anaelekea wapi."

Nilipaswa kusema pale. Nafasi ilikuwa wazi kabisa, kama mlango. Nikashika ncha ya aproni yangu.

Akaendelea, taratibu, akiwa anakunja na kukunjua bahasha. "Kwetu salamu ni kuulizana kama tumelala. *Mugonile.* Namwambia nikiingia, 'Mugonile, mama?' Jibu lake hata mtoto wa miaka miwili analijua. Mara saba hajanijibu. Siku ninamleta hapa alinishika kanga akaniambia, 'Umenitupa.' Nikasema atasahau. Si ndiyo ugonjwa wenyewe, kusahau? Basi yote amesahau, hilo moja ameliweka. Mama yangu hakuwahi kumnyima mtu salamu, hata waliomwibia. Mimi ameninyima."

"Si hivyo," nilisema.

"Ni vipi?"

Na mimi, badala ya kumjibu, nikasema, "Ngoja nimtazame kwanza."

*

Hiki ndicho ninachokionea aibu kuliko lile kosa la kwanza. Lile lilikuwa kosa. Hili nilichagua.

Niliingia chumba namba nne, nikafunga mlango. Nilikuwa nimelipata wazo, nalo lilikuwa zuri kwangu: kama Bibi ataamka sasa, akamwona binti yake, akamwitikia, karatasi haitatiwa saini, na hakuna atakayejua kitu. Kesho nitaanza kusogeza nusu saa nusu saa, nitatafuta sababu. Nilijua mwili wake ulikuwa katikati ya usiku wa manane. Nilijua kitabu kinasema nini. Nilikuwa nimekipigia mstari mwenyewe.

Nilibandua kiraka mkononi mwake. Nikaenda kwenye mtambo, nikachagua *Asubuhi*, nikachagua *Sasa*. Mtambo uliniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo.

Nyota zilizimika zote kwa pamoja. Mwanga ulianguka kama ndoo ya maji.

Nikafungua mlango, nikamwita Sekela.

Bibi Tumpale alikuwa ameketi, macho yamemtoka, mikono juu ya uso. Sekela aliingia mbio mbio, akasema, "Mugonile, mama? Mama, mugonile?" akamshika mabega.

"Moto!" Bibi alipiga kelele. "Ghala linaungua! Toeni mizani!"

"Mama, ni mimi. Ni Sekela."

"Niache! Wewe ni nani? Ndio nyie mliochoma!" Akampiga binti yake usoni, kofi dhaifu, halafu la pili, halafu akaanza kulia kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Alijikunja kwenye kona ya kitanda, akajifunika blanketi, na chini ya blanketi akawa anaita jina la mume wake.

Nilirudisha giza. Nilibandika kiraka kingine. Ilichukua robo saa mpaka kilio kikawa pumzi.

Sekela alikuwa ametoka. Nilimkuta kwenye benchi, kalamu mkononi.

"Sasa nimeona," alisema. "Nilikuwa nasitasita. Asante kwa kuniamshia, nisingejua. Kumbe akiamka ndivyo anavyoteseka hivi. Afadhali alale." Akaweka karatasi juu ya goti, akatafuta mahali pa saini. "Tarehe ya leo ni ngapi?"

Aliniuliza mimi tarehe. Ilikuwa saa tano kasoro robo. Nje nilisikia madereva wa msafara wakianza kuwasha magari.

"Usitie saini," nilisema.

"Mwanangu, usinionee huruma."

"Si huruma. Mama yako hajakunyima salamu. Alikuwa amelala kwa sababu mimi nilimwekea usiku mahali pa asubuhi. Nilikosea saa. Kwake sasa hivi ni usiku wa manane, na mimi nimemwamsha kwa nguvu ili usijue."

Kalamu ilibaki palepale.

"Sema tena."

Nikasema tena. Nane, sita, fundi, saa za Kiswahili. Nilisikia sauti yangu ikieleza kuhusu mwalimu wa chuo, kuhusu maandishi madogo ya kijani, kuhusu taarifa ya wizarani. Aliniacha niseme yote.

"Umejua tangu lini?"

"Siku kumi na moja."

Akahesabu kwa midomo. "Jumapili iliyopita ulikuwa unajua. Ulinifungulia mlango."

"Ndiyo."

"Ukaniambia 'karibu'."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alikunja karatasi mara mbili, akairudisha kwenye bahasha kwa uangalifu mkubwa, kama kitu kinachoweza kumkata. Nje msafara uliondoka, gari la taa mbele, na mngurumo wake ukapotea kwenye ukungu.

"Mama yangu anaamka saa ngapi?"

"Saa sita."

"Nitangoja."

*

Nilikwenda mwenyewe kwa Daktari Mwaijande. Alinisikiliza akiwa amesimama. Aliuliza maswali matatu, yote ya namba. Kisha akaketi, akafungua taarifa yake, akaitazama muda mrefu.

"Na mimi nilisoma 'saa tisa bila kukatika' nikafurahi," alisema, kama anayejisemea mwenyewe. "Sikuuliza saa tisa zipi." Halafu akaninyooshea kidole, na sauti ikarudi kuwa ya daktari. "Mtambo hutaugusa tena. Chumba kitasogezwa na mimi. Utabaki mhudumu mpaka kitakapokaa sawa, kwa sababu Bibi amekuzoea wewe. Baada ya hapo tutaona."

Jua la chumba namba nne lilichelewa siku ile. Tulimwacha alale mpaka saa saba kasoro, afidie usingizi niliomwibia. Alipofumbua macho, Sekela alikuwa kitini. Bibi alimtazama, na uso wake ukafunguka wote.

"Sekela! Nawe umekuja leo!" Kisha ukafunga. "Mbona siku zote hukuja?"

Hakukumbuka moto, hakukumbuka kofi. Alikumbuka kwamba hajaona mtu wake. Sekela akageuka kunitazama mimi niliyekuwa mlangoni.

"Mwambie wewe."

Nikasogea. Nikapiga magoti kando ya kitanda, kama tulivyolelewa. "Bibi, binti yako alikuja kila Jumapili. Mara nane. Wewe ulikuwa umelala kwa sababu yangu. Mtambo ulikuwa umewekwa saa za Kiswahili, na chuoni tulifundishwa kugeuza, na maandishi yalikuwa madogo, na..."

Aliinua mkono ule wa mizani.

"Majani yako yana maji," alisema. "Kung'uta, tupime tena."

"Nilikosea, Bibi. Nikajua nimekosea. Nikanyamaza."

"Mara nane?"

"Mara nane alikuja. Mara moja nilijua, na leo pia."

Machozi yalimtoka bila sauti, yakafuata mikunjo. "Alikuja mara nane," alimwambia Sekela, kama Sekela ndiye asiyejua. "Mwanangu alikuja mara nane, na mimi nimelala kama mlevi."

Walishikana mikono mpaka jioni ya chumba kile. Jumatatu asubuhi, kabla ya kupanda gari la msafara, Sekela aliniambia kwenye korido, "Atasahau, najua. Leo akiamka atauliza tena nilikuwa wapi, na mimi sitakuwapo. Kila akiuliza, utamwambia kama jana. Usimwachie aamini nilimtupa."

"Nitamwambia."

"Kila siku."

"Kila siku, mama."

*

Jumatatu jua lilichomoza saa tano na nusu. Jumanne saa tano. Jumatano saa nne na nusu. Daktari alikuja mwenyewe kila siku, akasogeza nusu saa, akaondoka bila kunisemesha. Mama Bupe alikuwa amesikia kila kitu, na kwa siku mbili alinipita kama kiti. Siku ya tatu akaniambia, "Msomi, ungeniuliza mimi tu ni saa ngapi," akanipa chai. Sijui kama ulikuwa msamaha au kofi. Niliinywa.

Na kila siku Bibi Tumpale aliamka, akaujaribu uji kwa mkono, akauliza, "Sekela hajaja. Kwa nini hajaja?"

Nikapiga magoti, nikamwambia. Alikuja mara nane. Ulikuwa umelala. Ni mimi. Nilijua, nikanyamaza.

Kila siku alisikia kwa mara ya kwanza. Jumatatu alilia. Jumanne alilia, akakataa uji. Jumatano alinifukuza, akasema nisirudi na nimwite mkubwa wangu. Alhamisi alinisamehe, akanishika kichwa, akasema mtoto ni mtoto, nami nikatoka nikiwa mwepesi, nikaimba nikiosha vyombo. Ijumaa alilia tena, kilio kile kile cha Jumatatu, kana kwamba ile Alhamisi haikuwahi kuwapo. Na haikuwahi kuwapo, isipokuwa kwangu.

Jumamosi nilipiga magoti, nikaanza, nikaona machozi yanajikusanya, na ndani yangu nikasikia kitu kinachofanana na nafuu kinaanza kupanda kabla hata hajalia. Nilikuwa nimekizoea. Kila asubuhi nilikuwa naingia mle na uchafu wangu, namwagia mwanamke wa miaka themanini na nne, natoka safi. Yeye anabaki na chumvi machoni na hajui imetoka wapi.

Nilimaliza kumsimulia siku ile. Jumapili Sekela hakuja, msafara ulizuiliwa na maporomoko. Bibi aliponiuliza, nilikaa kitini badala ya kupiga magoti.

"Anakuja kila wiki, Bibi," nilisema. "Anakupenda. Anakuja."

"Ee?" Alifurahi. Akanywa uji wote, akaomba mwingine.

Sikumwambia tena. Siku sita nilisema kweli, siku saba nilisema hivyo. Hata leo sijui siku zipi niliharibu.

*

Jumapili ya wiki iliyofuata jua la chumba namba nne lilikuwa tayari limekaa mahali pake. Lilichomoza saa kumi na mbili, na saa tatu Bibi Tumpale alikuwa ameshaoga, amefungwa kitambaa kipya, anamtukana Mama Bupe kwa furaha kuhusu chumvi ya mayai.

Sekela aliingia koridoni akifuta miwani. Alisikia sauti ile kutoka chumbani, akasimama. Alishika ukuta.

"Yuko macho," alisema.

"Yuko macho, mama. Tangu alfajiri."

Akavuta pumzi. Kisha, kabla ya kwenda, akageuka. "Ulimwambia? Kila siku?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nani angejua? Aliyeambiwa hakumbuki, na aliyesema ni mimi.

"Siku sita," nilisema. "Halafu niliacha."

"Kwa nini?"

"Alikuwa analia. Mimi nikitoka naona nafuu. Nikaona namwamsha tena kwa nguvu, ili mimi nilale." Sikuwa nimepanga kusema hivyo. "Nilimwambia tu kwamba unakuja na unampenda. Nilivunja ahadi niliyokupa."

Alinitazama kwa muda, miwani mkononi, macho yake bila miwani madogo na ya uchovu. Nilingoja neno lolote. Angeweza kunihukumu kwa kumliza mama yake au kwa kuvunja ahadi, na ningepokea. Akavaa miwani, akaenda mlangoni, akaingia, akauacha mlango wazi nyuma yake.

Nilisikia kiti kikivutwa. Nilisikia Bibi akiita jina la binti yake kwa kicheko, "Sekela! Sekela wangu!" Kisha ile sauti niliyoijua ikashuka, ikawa ya mtu aliyeumia.

"Mbona siku zote hukuja?"

Nilinyooka. Nilijua ataniita. Niliweka chini ndoo ya kupigia deki, nikafuta mikono kwenye aproni, nikapiga hatua moja kuelekea mlangoni, na maneno yangu yalikuwa tayari, bila maji.

Nikamwona Sekela kwa ubavu, chini ya ule mwanga mweupe wa asubuhi. Hakugeuka kunitafuta. Alichukua mkono wa mama yake, akaupeleka shavuni mwake mwenyewe.

"Nilichelewa, mama," alisema. "Kosa langu. Nisamehe."

"Usirudie," Bibi Tumpale alisema.

"Sitarudia."

Nilibaki koridoni na mikono yangu mikavu. Hakuna aliyenihitaji humo ndani. Mtu mwingine alikuwa amelibeba la kwangu, mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa nimesimama pale, nimenyamaza tena.